Wastaafu wawili, baiskeli mbili na kidonge cha asubuhi

JE, mtu mwenye umri wa miaka 67 na ugonjwa wa kisukari anaweza kuendesha baiskeli zaidi ya kilomita 200 na kurudi nyumbani salama? Swali hili niliulizwa katika kliniki yangu hapa Asembo Bay na mume na mke waliostaafu. Mzee alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na hadi leo kila mtu humwita Mwalimu. Mkewe alikuwa muuguzi. Walitaka kuizunguka Ghuba ya Winam: kutoka hapa hadi Kisumu, Ahero, Kendu Bay, Homa Bay na Mbita, kisha wavuke kwa feri hadi Luanda Kotieno na kurejea nyumbani.

Nakiri kwamba jibu la kwanza lililonijia lilikuwa "hapana".

Wazo lenyewe walilitoa mbali. Binti yao anafanya kazi Denmark, na walipomtembelea walishangaa kuona wazee wenye mvi, mume na mke, wakisafiri kwa baiskeli kutoka mji mmoja hadi mwingine, mizigo imefungwa nyuma, wakipanda feri na kulala njiani. Huko kaskazini mwa Ulaya jambo hilo ni la kawaida. Tangu mwaka 2001 ipo hata njia ya baiskeli inayoizunguka Bahari ya Kaskazini, ambayo urefu wake ni kama kilomita 6,000, na wastaafu wengi huitembea kipande kwa kipande kila kiangazi.

"Sisi pia tuna maji ya kuzunguka, Daktari," Mama aliniambia. "Hata feri tunayo."

Huku kwetu mambo ni tofauti. Baiskeli, ambayo zamani ilikuwa fahari ya mwalimu na karani, sasa huonekana kama chombo cha mtu aliyekosa nauli. Hata vijana wa bodaboda waliokuwa wakipakia abiria kwa baiskeli mjini Kisumu wengi wao walihamia pikipiki zamani. Nyanya akionekana juu ya baiskeli, watu hujiuliza amepatwa na nini. Kifungua mimba wa wazee hawa alinipigia simu akinisihi niwazuie. Alisema yuko tayari kuwalipia matatu.

Lakini nilipoketi na kufikiri, nikaona kwamba ningewazuia kwa sababu ya umri tu, na umri si ugonjwa. Utafiti uliofanywa Copenhagen na kuchapishwa mwaka 2000, uliofuatilia watu wapatao 30,000, ulionyesha kuwa wasioendesha baiskeli kwenda kazini walikuwa na kiwango cha vifo kilichozidi kile cha waendeshaji kwa takriban asilimia 39. Nalo Shirika la Afya Duniani (WHO) linapendekeza mazoezi ya wastani ya dakika 150 hadi 300 kwa wiki, na waliopita miaka 65 hawakuachwa nje ya pendekezo hilo.

Isitoshe, Mama alikuwa na maumivu ya magoti. Wengi hudhani kuwa goti lililochakaa halitaki baiskeli, kumbe baiskeli hubeba uzito wa mwili, na goti hujikunja na kujikunjua bila kugongwa kama wakati wa kutembea. Muhimu ni kiti. Mguu ukiwa chini kabisa kwenye pedali, goti libaki limekunjwa kidogo tu. Wazee wetu wengi huweka kiti chini sana ili nyayo ziguse ardhi, kisha hulalamika kwamba baiskeli imewaumiza. Mama alipoinua chake kwa upana wa vidole vitatu, maumivu yalipungua.

Niliwapa miezi mitatu ya kujiandaa. Presha ya Mama ilikuwa 172/100 nilipoipima mara ya kwanza, na sikumruhusu kuanza hadi iliposhuka chini ya 150/90. Niliwauliza wote wawili kama hupata maumivu ya kifua au kukosa pumzi wakipanda mlima. Mtu anayepata dalili hizo asipande baiskeli kabla ya moyo wake kuchunguzwa. Walianza kwa kwenda sokoni na kurudi, baadaye hadi Ndori, kisha mbali zaidi. Kwa sababu Mama alikuwa akimeza kidonge kinachopunguza maji mwilini, nilimwonya kuhusu jua la mchana: asiache dawa, ila anywe maji kila mara hata kabla ya kusikia kiu, na akishuka kwenye baiskeli asimame polepole asije akapata kizunguzungu.

Waliondoka asubuhi moja ya Januari. Hadi Kisumu shida yao ilikuwa malori, na waliyakwepa kwa kuanza safari alfajiri na kupumzika saa nne. Uwanda wa Kano ni tambarare, na Mwalimu aliniambia kuwa kupita kando ya mashamba ya mpunga ya Ahero asubuhi kulimfanya ajihisi kijana. Karibu na Kendu Bay walisimama kulitazama ziwa la Simbi Nyaima. Hadithi husema kijiji kilizama pale baada ya kumfukuza bibi kizee aliyekuja kuomba hifadhi. Mama alicheka akasema safari hii hakuna aliyemfukuza. Kila walikosimama waliletewa viti.

Gatini ya Mbita

Siku waliyotoka Homa Bay kwenda Mbita, walikuwa na haraka ya kuiwahi feri. Mwalimu alimeza dawa yake ya kisukari kama kawaida, akanywa chai nusu kikombe, akaacha mkate mezani. Mbele yao kulikuwa na kilomita 40 hivi, nyingine za kupanda.

Walipofika gatini, Mwalimu, ambaye katika miaka 40 ya ndoa hakuwahi kumpigia mkewe kelele, alianza kumfokea mkata tiketi kwamba amemwibia chenji. Shati lake lilikuwa limelowa, na mikono ilikuwa ikitetemeka. Watu waliokuwa karibu walisema mzee amelewa. Mkewe alipomshika mkono akausikia ni baridi, alielewa. Alimketisha kwa nguvu, akampima sukari kwa kifaa chake. Ilikuwa 2.9, na chini ya 4 huwa ni hatari.

Alimpa nusu chupa ya soda, ile ya sukari, si ile isiyo na sukari. Baada ya dakika 15 alimpima tena, akamwongezea, kisha akamlisha ugali na samaki. Feri ilipopiga honi, Mwalimu alitaka kupanda. Mama alikataa, wakalala Mbita, na usiku huo aliamka mara mbili kumpima. Alifanya vyema, kwa sababu sukari iliyoshushwa na kidonge cha aina ile inaweza kushuka tena saa nyingi baadaye, mgonjwa akiwa usingizini.

Kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nimechunguza moyo, magoti na presha, lakini kidonge cha Mwalimu sikukigusa. Alikuwa akimeza glibenclamide kwa miaka mingi, vipimo vyake vilikuwa vizuri, nami niliendelea kumwandikia. Kidonge hicho hulilazimisha kongosho kutoa insulini, mtu awe amekula au hajala. Mtu akiendesha baiskeli, misuli nayo hufyonza sukari kutoka kwenye damu, na huendelea kufyonza hata baada ya kupumzika. Aidha, figo za mzee huchelewa kuiondoa dawa mwilini. Ndiyo sababu WHO, katika orodha yake ya dawa muhimu, inasema glibenclamide haifai kwa watu waliopita umri wa miaka 60, na badala yake imeweka gliclazide. Nililijua jambo hilo. Wala haikuwa lazima mtu apande baiskeli ndipo nilikumbuke, kwani mzee anayelima asubuhi bila kula yumo katika hatari iyo hiyo.

Msomaji, ikiwa una mzazi mwenye kisukari, chukua vidonge vyake usome jina. Ukikuta ni glibenclamide, usivitupe wala usimwambie aache, bali mpeleke kwa daktari mkavizungumzie. Akianza ghafla kutoka jasho, kutetemeka, kuwa mkali bila sababu au kuongea asiyoyajua, mpe kitu chenye sukari kwanza, maswali baadaye. Lakini akiwa amezirai usimtilie chochote kinywani, kwa kuwa kinaweza kumpalia. Mkimbize hospitali.

Asubuhi iliyofuata walivuka, wakafika nyumbani jioni. Mwalimu alikuwa na lengelenge kwenye kidole cha mguu ambalo hakulihisi kabisa. Mkewe ndiye aliyeliona, maana kila jioni alikuwa akimkagua miguu kwa tochi. Hawakuoga ziwani hata mara moja, kwa sababu ya kichocho, na walilala ndani ya neti yao wenyewe kila usiku. Watu wa Asembo hawahitaji kuhimizwa juu ya hilo. Ni hapa na Gem ambako KEMRI na wenzao wa CDC ya Marekani walifanya, katika miaka ya 1990, utafiti mkubwa wa neti zilizotiwa dawa, ulioonyesha kuwa hupunguza vifo vya watoto.

Sasa Mwalimu anatumia gliclazide, kwa kipimo kidogo, na hamezi kabla sahani haijafika mezani. Kuna siku za safari ndefu ambapo tumekubaliana apunguze. Presha ya Mama imeshuka kuliko wakati wowote tangu nianze kumtibu. Mwezi uliopita alikuja peke yake kuchukua dawa, akaniuliza kama baiskeli inapita hadi Usenge.