Fundi Mitambo Anapovua Sare

Anayetoka Kariakoo kwenda Magomeni huvuka bonde la Jangwani, ambalo Mto Msimbazi hulifurika masika yanapokuwa makali, kisha hupanda hadi pale Barabara ya Kawawa inapokatana na Barabara ya Morogoro. Si mbali na hapo, kwenye baraza ya nyumba ya zamani yenye vyumba sita na ukumbi katikati, pana meza ya kazi ya jirani yangu ambaye mtaa mzima humwita Afande. Jina hilo hakulichagua mwenyewe. Kwa zaidi ya miaka 20 alikuwa askari fundi, na kazi yake ilikuwa kutengeneza mitambo ya mawasiliano ya redio. Alistaafu akiwa bado na nguvu zake, na watoto wawili wakiwa shuleni.

Nilimwomba ruhusa ya kuandika habari zake, akakubali kwa masharti mawili: nisitaje jina lake, wala nisitaje mtambo wowote aliouhudumia. Sharti la kwanza ni la unyenyekevu. La pili ni la kiapo, na ndilo lililonionyesha kwamba habari hii, ambayo nilidhani ni ya riziki tu, ina fizikia ndani yake.

Mara baada ya kustaafu, Afande alikwenda kuomba kazi katika kampuni moja hapa mjini. Aliulizwa mambo mawili. La kwanza lilikuwa vyeti. Alikuwa navyo, lakini vilitaja kozi kwa namba na mitambo kwa majina ya kijeshi ambayo msaili hakupata kuyasikia. La pili alitakiwa aeleze kwa kirefu kazi aliyokuwa akiifanya. Hapo alinyamaza.

"Daktari, ningesema nini?" aliniambia. "Niliapa."

Msaili aliandika neno kwenye karatasi yake na mahojiano yakaisha.

Nami nilikumbuka aibu yangu. Niliporudi kutoka Ulaya na shahada ya uzamivu, utafiti wangu wote nilikuwa nimeufanya kwa chombo kimoja ghali ambacho sikukikuta kazini kwangu nyumbani. Kwa miezi kadhaa nilijiona kama nahodha wa meli aliyeshushwa Dodoma. Ilinichukua muda kutambua kwamba nilichorudi nacho hakikuwa kile chombo. Basi hebu tutazame Afande alirudi na nini.

Jioni moja mwalimu wa fizikia wa shule ya sekondari ya jirani alimletea amplifaya, yaani kikuza sauti, iliyozimika sauti siku mbili kabla ya mahafali. Fundi mmoja alikuwa amekwisha kumshauri anunue nyingine. Afande aliifungua, akaiunganisha na umeme, akaingiza mlio mdogo usiobadilika upande wa maikrofoni. Nilitazamia aanze kupima huko mwanzoni, au aanze na spika. Hakufanya hivyo. Aliweka ncha ya kipimo katikati kabisa ya njia ya sauti. Mlio ulikuwapo. Basi nusu yote ya kwanza ilikuwa nzima, na hakuigusa tena. Akaigawa nusu iliyobaki katikati, akapima. Kisha robo iliyobaki, akapima. Muda si mrefu alikuwa ameinamia transista moja.

Wanafunzi wa hisabati watauona uzuri wa jambo hili. Tuchukue mtambo wenye hatua 16 zilizofuatana, na hatua moja tu ni mbovu. Anayepima hatua moja baada ya nyingine huenda akapima mara 15 kabla ya kuwa na hakika. Anayekata katikati hubakiwa na hatua 8, kisha 4, kisha 2, kisha 1: vipimo vinne tu, kwa kuwa 2 ikizidishwa kwa yenyewe mara nne hutoa 16. Hatua zikiwa 1,024, vipimo 10 vinatosha. Ni kweli kwamba njia hii ina mipaka. Inadai kwamba sauti ipite njia moja bila kurudi nyuma, na kwamba ubovu uwe mmoja. Mahali ambapo sehemu ya sauti hurudishwa kutoka mwisho hadi mwanzo, fundi hana budi kuikata kwanza njia hiyo ya kurudi, la sivyo vipimo vitampotosha. Afande hayo yote aliyajua, ingawa hakupata kuyaeleza kwa hesabu.

Sasa turudi kwenye kile kiapo. Muundo wa mtambo fulani waweza kuwa siri. Masafa ya mawimbi unayoyatumia, mahali uliposimikwa na watu wanaozungumza kwayo vyaweza kuwa siri kubwa zaidi. Lakini Kanuni ya Ohm si siri ya jeshi lolote duniani. Redio ya kawaida ya mawimbi ya kati hupokea stesheni, tuseme ya kilohezi 1,000, ikaichanganya na mawimbi ya kilohezi 1,455 yanayotengenezwa ndani ya redio yenyewe, na tofauti yake, kilohezi 455, ndiyo inayokuzwa na kuchujwa hadi tupate sauti. Mpango huo umo katika vitabu vya shule, na mafundi wa kijeshi na wa kiraia wameufuata kwa miongo mingi. Mtu aliyeuelewa hahitaji kutoboa siri yoyote ili kuuthibitisha. Anahitaji tu kupewa redio mbovu. Yule msaili aliuliza swali ambalo mtu mwaminifu hakuweza kulijibu, na karibu yake, nina hakika, palikuwa na kifaa kibovu ambacho kingemjibia.

Tatizo hili si geni katika mitaa yetu. Jina la Kariakoo lenyewe limetokana na maneno ya Kiingereza yaliyokuwa jina la kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika vita vya 1914–1918, ambao kambi yao ilikuwa hapo kabla ya pahali hapo kuwa soko. Katika vita vya 1939–1945 Tanganyika ilitoa zaidi ya askari 80,000, na baadhi yao walifika hadi Burma. Miongoni mwao walikuwamo madereva, makanika na wapeleka habari kwa simu za upepo. Serikali ya kikoloni ilitazamia kwamba wengi wangerudi vijijini kushika jembe. Dereva alikuwa na bahati, kwa maana lori la mfanyabiashara na lori la jeshi huendeshwa kwa usukani wa namna moja. Mpeleka habari aliyejua alfabeti ya Morse alikuwa na milango michache ya kubisha, na milango hiyo ilizidi kupungua kadiri miaka ilivyopita. Kuanzia tarehe 1 Februari 1999 hata meli kubwa hazikulazimika tena kuitumia katika kuomba msaada baharini.

Wengine walirudi na kifaa chenyewe, wakakitumia kwa jambo ambalo halikuwamo katika amri ya jeshi. Mwaka 1942 mwanafizikia J. S. Hey, aliyekuwa akifanya utafiti kwa ajili ya jeshi la Uingereza, alitakiwa achunguze ni nani aliyekuwa akivuruga rada za mizinga ya kutungulia ndege. Akagundua kwamba mvurugaji hakuwa adui bali Jua, ambalo lilikuwa likitoa mawimbi ya redio kwa nguvu. Vita vilipokwisha, Bernard Lovell, ambaye naye alikuwa ametengeneza rada za ndege za kivita, alipata mitambo ya rada ya jeshi akataka kuitumia chuoni Manchester. Tramu za umeme za mji ule ziliijaza kelele. Desemba 1945 akaihamishia shambani, Jodrell Bank, na hapo akaanza kusikia mwangwi kutoka kwenye njia za vimondo. Darubini ya redio yenye upana wa meta 76 iliyokamilika hapo mwaka 1957 ni tunda la shamba lile. Vijana wapendao elimu ya nyota watafaidika kuisoma habari hiyo kwa ukamilifu.

Hapa kwetu njia imekuwa nyingine mara kwa mara. Baada ya vita vya Kagera vya 1978–1979 ulizaliwa mradi wa magari wa Nyumbu, ambao tangu 1985 umekuwa kituo kamili huko Kibaha, chini ya wizara ya ulinzi. Huko ufundi wa jeshi hutumikia kazi za kiraia bila fundi kuvua sare. Uganda, kati ya 1992 na 1995, ilipunguza zaidi ya askari 36,000, na msaada waliopewa ulikuwa pamoja na mabati na ada za shule. Msaada wa namna hiyo ni wa lazima, kwani mtu hali ujuzi. Hata hivyo bati haliwezi kumwambia mwajiri fundi huyu anajua nini.

Nisimpambe mno jirani yangu. Alirudi pia na mazoea yaliyomgharimu. Jeshini, kadi nzima ya mtambo ikishukiwa hutolewa na nyingine huwekwa, kwa sababu dakika zina thamani kuliko kadi. Na kifaa kilichochakaa hubadilishwa kabla hakijafa, kwa sababu kikifa huenda mtu akafa nacho. Bohari hulipa. Redio ya kwanza aliyoletewa Magomeni ilikuwa na kapasita moja mbovu. Akabadilisha kapasita zote, akalehemu upya kila kiungo kilichomtia shaka, akaipima siku mbili mfululizo. Kazi ilikuwa safi kupindukia. Bei yake ilizidi ile ya redio mpya Kariakoo, na mwenye redio akaiacha mezani akaenda zake. Mpaka leo ingali ikifanya kazi. Ndiyo anayosikilizia taarifa ya habari.

Mke wangu alicheka nilipomsimulia, lakini kwa Afande yalikuwa maumivu. Alikuwa amefundishwa kuuliza, "Je, kitashindwa?" Sasa alitakiwa aulize, "Je, kitadumu hadi Idi, na kwa shilingi ngapi?" Maswali yote mawili ni ya kihandisi, na la pili si duni kuliko la kwanza. Tofauti ni kwamba hakuna chuo cha kijeshi kilichokuwa na haja ya kumfundisha la pili.

VETA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina utaratibu wa kupima na kurasimisha ujuzi ambao mtu ameupata nje ya mfumo wake wa mafunzo. Hupimwa kwa vitendo na kwa maswali, na akionekana ana upungufu hufundishwa upungufu huo kwanza. Nilimhimiza Afande aende. Alisita muda mrefu, kwa kuwa kupimwa na vijana wenye umri wa wanawe si jambo jepesi kwa mtu aliyewahi kuwafundisha wengine. Mwishowe akaenda, amevaa shati lililopigwa pasi kwa mistari ile ile ya zamani.

Waliweka mbele yake kifaa ambacho hakupata kukiona, wakamwambia kina ubovu. Hakuna aliyemwuliza alikuwa kikosi gani. Aliomba mita, akakitazama kwa muda, akaweka ncha katikati.

Ubovu aliuona. Walichomkosoa ni makadirio ya gharama, ambayo hakuyaandika kabisa, wakamtaka ajifunze kuyaandika. Siku hizi, mteja akimletea redio, humuuliza kwanza mpya yake Kariakoo inauzwaje, huandika bei hiyo kwa penseli ukutani, ndipo huchukua bisibisi.