Homa ya Bonde la Ufa: kipimo kisichohitaji kirusi hai

Mfugaji wa Ngorongoro akishikwa na homa, kichwa na viungo vikamuuma, kitu cha kwanza anachopimwa ni malaria. Majibu yakionyesha hana, swali linabaki: sasa anaumwa nini?

Januari 2007 swali hilo lilikuwa la kufa na kupona. Mvua kubwa zilikuwa zimenyesha, mbu wakaongezeka, ng'ombe, mbuzi na kondoo wakaanza kutupa mimba. Homa ya Bonde la Ufa ilianzia Ngorongoro, ikasambaa mikoa 10, na zaidi ya watu 100 wakafariki. Na mbu si njia pekee: mtu huambukizwa pia akichinja au kuzalisha mnyama mgonjwa.

Ugumu uko kwenye kupima. Njia ya zamani ya kutafuta kingamwili kwenye damu ilihitaji kirusi chenyewe, kizima, kikuzwe maabara kisha kiuawe. Kirusi hiki humwingia mtaalamu hata kwa kuvuta hewa, hivyo kazi hiyo inataka maabara yenye ulinzi mkali, na hizo Afrika Mashariki ni za kuhesabu.

Hapo ndipo protini rekombinanti inapoingia. Jina gumu, lakini kazi yake inaeleweka. Wataalamu huchukua jeni moja tu ya kirusi, ile ya protini N inayofunika vinasaba vyake, wakaipachika ndani ya bakteria aina ya E. coli. Bakteria wanazaana, na huku wanatengeneza protini hiyo kwa wingi. Kisha wanapasuliwa, protini inasafishwa na kupakwa kwenye kisahani cha plastiki chenye vishimo 96. Majimaji ya damu ya mgonjwa yakiwekwa humo, kingamwili kama zipo zinaing'ang'ania, na dawa ikiongezwa rangi inabadilika. Hakuna kirusi hai hata kimoja, yaani hakuna wa kuambukizwa na kipimo chenyewe.

Watafiti wa Afrika Kusini walishaonyesha kuwa kipimo cha namna hii kinafaa kwa binadamu na kwa mifugo.

Kina upungufu wake. Siku za mwanzo za homa mwili bado haujatengeneza kingamwili, kwa hiyo mgonjwa anaweza kuonekana mzima. Hapo inahitajika PCR, inayotafuta vinasaba vya kirusi.

Ila muda ndio kila kitu. Sampuli ikisubiri wiki nzima kusafirishwa mbali, ng'ombe aliyetupa mimba ameshachinjwa, na nyama imeshafika Karatu.