Kiingereza cha Kuzungumza: Vifaa Unavyo Tayari



Ndugu wanafunzi na wazazi wetu wapenzi, baada ya kumshukuru Allah (s.w.) na kumtakia rehema na amani Mtume wetu (s.a.w.), tuangalie jambo linalowasumbua vijana wengi, hasa wanaoingia kidato cha kwanza. Katika shule nyingi za serikali hapa Tanzania mtoto husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha akifika sekondari karibu masomo yote hufundishwa kwa Kiingereza. Matokeo yake, mwanafunzi anakuwa na jibu kichwani lakini hanyooshi mkono kwa kuogopa kuchekwa. Akinyamaza hivyo miaka minne, hasara si ya Kiingereza peke yake. Anapoteza hisabati, anapoteza biolojia, na baadaye anashindwa hata kujieleza mbele ya wanaomsaili kwa kazi.

Kujifunza lugha ya watu wengine si jambo geni katika historia yetu. Imepokewa katika Sunan za Abu Daud na Tirmidhi kwamba Mtume (s.a.w.) alimuamrisha Zayd bin Thabit (r.a.) ajifunze maandishi ya Mayahudi, naye akayamudu kwa muda wa karibu nusu mwezi, akawa anaandika na kusoma barua zao.

Habari njema ni kuwa mwanafunzi wa madrasa haendi kwenye Kiingereza mikono mitupu. Mengi ya kumsaidia amekwisha kuyapata kwenye Qur'ani na Kiarabu.

1. Matamshi: tumia tajwidi yako

Wengi husema "sink" wakikusudia "think", na "zis" wakikusudia "this". Wewe umefundishwa makhraji ya herufi. Sauti ya mwanzo ya "think" ni thaa ya "thalaatha", na ya "this" ni dhaal ya "dhaalika". Ncha ya ulimi itoke kidogo kwenye meno, kama ulivyozoea.

Pia maneno ya Kiswahili huishia na irabu, ndiyo maana tunasema "buku" na "gudi" badala ya "book" na "good". Hapo kumbuka sukuun: simama juu ya herufi, usiiongezee irabu.

Kisha kumbuka madd. "Ship" ni meli na "sheep" ni kondoo. Neno la pili lina mvuto, la kwanza halina. "I live here" ni ninaishi hapa, lakini ukivuta, "I leave here", umesema unaondoka.

2. "He" na "she"

Kiswahili kina "yeye" kwa wote, kwa hiyo mtu humwita mama yake "he" bila kujua. Kiarabu kimekwisha kukuzoeza kutofautisha: "huwa" ni "he" na "hiya" ni "she". Kabla ya kusema, jiulize ungetumia lipi kati ya hayo mawili.

3. Vitenzi vinavyotutega

Kiambishi chetu "na" kina kazi nyingi. Tunasema "ninakula" na "ninajua" kwa namna moja, lakini Kiingereza hutenganisha. Kitendo kinachoendelea sasa hivi ni "I am eating". Ama kujua, kutaka, kuhitaji na kuelewa, hizo huhesabiwa kuwa hali, hivyo sema "I know" na "I want", si "I am knowing" wala "I am wanting".

Kosa jingine ni "I didn't went". Neno "did" limekwisha kubeba wakati uliopita, na mzigo ukibebwa na mmoja hauhitaji wa pili. Sema "I didn't go". Na katika kuuliza, "Did you go?"

4. "Yes" inayoweza kukuponza

Mswahili akiulizwa, "Hujala?" naye hajala, hujibu, "Ndiyo, sijala." Anaafikiana na muulizaji. Mwingereza haangalii muulizaji amesemaje, anaangalia jambo limekuwa au halikuwa. Ukiulizwa "Haven't you eaten?" na hujala, jibu ni "No, I haven't." Fikiria umeulizwa ofisini, "Didn't you bring your certificate?" nawe umekuja nacho. Ukijibu "No" kwa maana ya "hapana, nimekuja nacho", umeeleweka kuwa cheti hukuja nacho. Usalama ni kujibu kwa sentensi nzima: "Yes, I brought it."

5. Saa

Sisi huhesabu saa tangu alfajiri, wao tangu katikati ya usiku na adhuhuri, na tofauti ni saa sita. Tazama saa ya ukutani: mshale mfupi ukielekea 8, wao husema "eight o'clock", nasi husoma namba ya upande wa pili, saa mbili. Aliyeitwa kwenye usaili "at eight in the morning" akaenda saa nane mchana, nafasi imekwenda.

6. Adabu

"Naomba maji" ni maneno ya heshima. Ukisema "Give me water" umetoa amri. Sema "Could I have some water, please?" Nayo "karibu chakula" usiitafsiri kwa "welcome food", bali mwambie mgeni, "Please join us." Shikamoo haina neno lake; heshima kwa mkubwa huonekana kwa "Good morning, sir" au "madam", na kwa sauti ya upole.

7. Nahau za kila siku

Nahau haitafsiriwi neno kwa neno. Ukimwambia Mwingereza kwamba fulani "amepiga moyo konde" kwa kulitafsiri kila neno, atadhani mtu huyo kajipiga ngumi kifuani. Nasi tukitafsiri zao hupotea vilevile. Anza na hizi chache:

- "To learn by heart": kuhifadhi. "I know Surat al-Mulk by heart."
- "Under the weather": kutojisikia vizuri, mwili mzito.
- "A piece of cake": jambo rahisi sana.
- "To let the cat out of the bag": kutoboa siri.
- "Once in a blue moon": mara chache mno.
- "It cost an arm and a leg": kilikuwa ghali kupita kiasi.

Utasikia pia "touch wood", husemwa ili mtu asipatwe na mkosi. Ielewe unapoisikia, lakini wewe sema "I hope so", au in shaa Allah yako. Na nahau ni za mazungumzo. Usizijaze kwenye barua ya kuomba kazi.

Namna ya kujizoeza

Qur'ani hukuihifadhi kwa kuitazama kimyakimya. Ulimsikiliza mwalimu, ukarudia kwa sauti, ukasahihishwa, kesho yake ukafanya muraja'a. Fanya hivyohivyo: kila siku sentensi tano, nzima, kwa sauti, pamoja na mwenzio, na za jana mzirudie kwanza. Kwa sentensi tano tu, baada ya siku 30 utakuwa na sentensi 150 ulimini.

Wazazi, mtoto akijaribu na kukosea, msahihisheni kwa upole. Nanyi wanafunzi, mwenzenu akikosea msimcheke, kwani hata katika kusoma Qur'ani sote tulianza kwa kugugumia herufi.

Wabillahi tawfiq.