Kamongo Darasani: Samaki Mmoja katika Masomo Kadhaa

Katika maandalio ya masomo ambayo wanachuo hutuletea kabla ya kwenda kwenye mazoezi ya kufundisha, viumbe vya ajabu hupendwa sana. Farasi wa baharini ni mmojawapo: samaki asimamaye wima, ambaye dume ndiye abebaye mayai katika mfuko wa tumboni hadi watoto watoke. Hatuna ugomvi naye. Lakini mtoto wa Geita au Shinyanga yuko mamia ya kilometa kutoka pwani. Humjua samaki huyo kwa picha tu, na mwalimu naye vivyo hivyo. Basi mtoto akiuliza swali la pili, wote wawili hawana pa kuangalia.

Twapendekeza kamongo wa Ziwa Victoria. Ni wa ajabu vilevile, na sokoni yupo.

Lililo muhimu katika kufundisha mada moja kupitia masomo mengi ni kwamba kila somo liulize swali ambalo kiumbe chenyewe chaweza kulijibu. Kuandika "kamongo 3 kujumlisha kamongo 4" si kuunganisha masomo; hiyo ni hesabu ile ile iliyovishwa magamba.

Tuanze na Sayansi, maana ndiko kuliko na utajiri. Mwalimu aulize: je, samaki aweza kufa maji? Watoto watacheka. Jibu ni kwamba kamongo aweza. Anayo matamvua, lakini ni madogo, hayamtoshi. Hupumua kwa mapafu, na akizuiwa kuja juu kuvuta hewa hufa humo humo majini. Maji yakikauka, aweza kujichimbia topeni, akajikunja na kutoa ute ambao hukauka ukawa kifuko cha kumzunguka, pakabaki tundu la hewa. Habari hii ilimvuta Homer Smith, Mmarekani mtaalamu wa figo, ambaye alifika ziwani mwaka 1928 kutafuta samaki hawa, na mwaka 1932 akatoa kitabu alichokiita Kamongo.

Kifuko hicho chaweza kujaribiwa darasani bila gharama. Chukueni madonge mawili ya pamba yaliyo sawa, yaloweshwe sawasawa. Moja liachwe wazi, la pili lifungwe katika karatasi iliyopakwa nta ya mshumaa. Yawekwe juani tangu asubuhi hadi mchana, kisha watoto wayakamue. Mtoto wa Shinyanga, ambaye ameona udongo wa mbuga ukipasuka kiangazi, hatahitaji maelezo marefu baada ya hapo. Dume la kamongo pia huchimba kiota na kulinda mayai na vitoto. Hapa ndipo farasi wa baharini aweza kutajwa, kwa kuwa sasa mtoto anacho cha kumlinganisha naye.

(Aletwe kamongo aliyekwisha kufa. Aliye hai huuma vibaya.)

Katika Hisabati, kamongo mkubwa hufikia meta 2. Chorwe mstari wa urefu huo sakafuni, watoto wakisie kwanza ni dagaa wangapi wa sentimita 5 watakaoupanga, ndipo wagawanye: 40. Kukisia kusirukwe.

Katika Kiswahili, liko jambo la kufurahisha: Waganda humwita kamongo "emmamba", neno ambalo masikioni mwetu lataja mnyama mwingine kabisa. Upo hata ukoo wa Mmamba, na watu wake hawamli samaki huyo. Mwalimu akumbuke kwamba darasani mwake pia huenda yumo mtoto ambaye kwao kamongo haliwi. Mtoto huyo asishurutishwe kumshika. Kisha watunge vitendawili vyao wenyewe.

Jiografia yafaa ianzie bombani. Tangu mwaka 2009 maji ya Ziwa Victoria husukumwa kutoka Ihelele, wilayani Misungwi, hadi Shinyanga na Kahama, kwa hiyo mtoto aliye mbali na ziwa hunywa maji anamoishi kamongo. Wachore njia ya maji hayo, kisha waonyeshe vinamasi vya kando ya ziwa, ambavyo kamongo huzalia na ambavyo watu huvilima.

Limebaki somo la Afya, nalo kwa wilaya zenye dhahabu ndilo zito kuliko yote. Wachimbaji wadogo hutumia zebaki kunasia dhahabu. Ikiingia kwenye vijito, vijidudu vya matopeni huigeuza kuwa sumu iingiayo katika samaki, na hulimbikizana zaidi katika samaki walao samaki wenzao. Hata hivyo mwalimu asiwatishe watoto kwamba samaki wa ziwa hawaliki: vipimo vya miaka ya 1990 viliona zebaki kidogo tu katika samaki wengi wa ziwani kusini. Hatari iliyo karibu zaidi na mtoto ni mvuke wa zebaki inapochomwa, mara nyingine jikoni kwao. Hilo lisemwe wazi: zebaki ikichomwa, mtoto aondoke mahali hapo, na chombo kilichochomea kisipikiwe kamwe.

Lisemwe pia bila kuwalaumu wazazi, kwa kuwa madaftari ya watoto wengi hununuliwa kwa dhahabu hiyo hiyo. Wala watoto wasitumwe machimboni kutazama. Mchoro wa ubaoni watosha: karai, moto, mvuke, na mishale ya kuonyesha uendako.