Pamba Haiwekwi Juu ya Kidonda



Juzi mtoto mmoja darasani kwetu alikuja na goti limefungwa pamba. Ilikuwa imegandamana na kidonda. Tuliilowesha kwa maji safi, tukaitoa pole pole, lakini alilia sana na damu ikatoka tena.

Basi tunawaomba: msiweke pamba, nyuzi zake hubaki ndani. Osheni kidonda kwa maji safi na sabuni. Pakeni Vaseline kidogo, wekeni gozi, yaani kile kitambaa cheupe chepesi cha hospitali, kisha fungeni bendeji juu. Mchubuko mdogo, plasta inatosha. Bendeji ya kuvutika ni ya mguu ulioteguka. Mkiikaza mno vidole vinakufa ganzi. Badilisheni kila siku, au mara ikilowa.

Pesa ya gozi hakuna? Kateni shuka ya zamani, ichemsheni, ianikeni juani, ipigeni pasi.

Lakini kidonda kirefu, cha msumari, cha kuumwa na mbwa au chenye usaha, msingoje. Hospitali ya Urafiki ya China na Uganda iko hapa hapa Naguru tangu 2012, nayo ni ya serikali. Ulizeni pia sindano ya pepopunda.

Mungu awalinde watoto wetu.