Mapinduzi yaliyofika Pwani ndani ya robota la nguo

Ukitaja neno mapinduzi hapa kwetu, fikira za wengi huenda Unguja, Januari 12, 1964. Hayo yalikuwa mapinduzi ya bunduki, na damu ilimwagika. Lakini dunia tunayoishi leo ilijengwa pia na mapinduzi ambayo hayakutangazwa redioni. Mengine yalianzia kwenye karakana ya wasokota nyuzi, mengine kwenye mtambo wa kuchapa. Kwetu Pwani yaliingia kupitia bandarini, kimyakimya, yakiwa yamefungwa kwenye marobota ya nguo.

Vitabu vya shule huyatenganisha: mapinduzi ya uchumi sura yake, ya siasa sura yake, ya utamaduni sura yake. Katika maisha ya watu hayakutengana hivyo. Kila moja lilivuta jingine, na ukitaka kuona lilivuta vipi, ifuate nguo ya pamba.

Mpaka miaka ya 1760, Mwingereza alisokota uzi kwa gurudumu la mkono, uzi mmoja kwa wakati. James Hargreaves akaunda mashine ya kusokota nyuzi kadhaa kwa pamoja. Mwaka 1769 Richard Arkwright akasajili mashine yake iliyoendeshwa kwa nguvu za maji, na mwaka huohuo James Watt akasajili njia yake ya kuiboresha injini ya mvuke. Kazi ikatoka nyumbani ikaingia kiwandani. Mtu akaanza kuamshwa na kengele ya tajiri badala ya jogoo. Nguo zikawa nyingi, bei ikashuka, na viwanda vikawa na njaa ya pamba isiyoshiba.

Njaa hiyo ililishwa na Marekani. Mwaka 1793 Eli Whitney aliunda mashine ya kutenganisha pamba na mbegu. Kazi ya kuchambua ikawa nyepesi, lakini mtumwa hakupata nafuu. Mashamba yalipanuka, na watumwa wa Marekani waliokuwa kama 700,000 mwaka 1790 wakakaribia milioni 4 mwaka 1860. Mashine ilirahisisha kazi, faida ikaenda kwa mwenye shamba, na aliyefanya kazi akaongezewa mzigo.

Wakati huohuo siasa ilikuwa inachemka. Wamarekani walijitangazia uhuru mwaka 1776. Wafaransa waliivamia ngome ya Bastille Julai 14, 1789, na mwezi uliofuata wakatoa tamko kwamba watu huzaliwa huru na wako sawa katika haki. Watumwa wa koloni la Ufaransa la Saint-Domingue, ambalo leo ni Haiti, wakataka tamko hilo liwafikie na wao. Waliinuka Agosti 1791. Toussaint Louverture akawaongoza miaka mingi, akakamatwa akafia gerezani Ufaransa, na Januari 1, 1804 Jean-Jacques Dessalines akatangaza uhuru. Ikawa nchi iliyozaliwa kwa mikono ya watumwa waliojikomboa wenyewe. Mwaka 1825 Ufaransa ikawadai fidia ya faranga milioni 150 ndipo iwatambue. Waliokuwa bidhaa wakalipishwa kwa kujitoa sokoni.

Habari hiyo si ya mbali na sisi. Mwaka huohuo wa 1776, Mfaransa aitwaye Morice alifanya mkataba na Sultani wa Kilwa wa kuuziwa watumwa 1,000 kila mwaka kwa ajili ya mashamba ya visiwa vya Ufaransa katika Bahari ya Hindi. Wengine waliochukuliwa upande huu wa Afrika walivushwa mpaka Saint-Domingue. Tukilaumu Wazungu kwa biashara ile, na lawama wanayo, tusisahau kwamba mkataba una pande mbili. Upande mmoja ulikuwa wa kwetu.

Sasa turudi kwenye nguo. Mwaka 1833 Sayyid Said alitia saini mkataba wa biashara na Marekani. Meli za mji wa Salem, Massachusetts, zikaja Unguja na vitambaa vya pamba visivyotiwa rangi. Watu wakaviita merikani, na neno hilo likabaki katika lugha yetu. Ndani ya kitambaa kile mlikuwa na kiwanda na jasho la mtumwa, na aliyekinunua hakuyaona. Meli zilirudi na karafuu, ngozi, sandarusi na pembe za ndovu. Pembe nyingi ziliishia Connecticut, zikakatwa kuwa vibonye vya piano. Misafara ya bara ikaanza kulipa kwa merikani kama fedha.

Pwani hii haikuwa ya watu wasiojua kufuma. Katika magofu ya Kilwa kumechimbuliwa vigurudumu vya kusokotea uzi, na Pate ilisifika kwa nguo zake za hariri. Wafumaji wa Mogadishu walijikaza wakaendelea. Kwingine kitanda cha mfumi kilinyamaza, na bila ya vita vyovyote. Bei peke yake ilitosha.

Baada ya nguo ukaja mvuke. Mfereji wa Suez ulifunguliwa Novemba 1869, na mwaka 1872 meli za mvuke za Waingereza zikaanza safari za kila mwezi kuja Unguja. Mwaka 1873 Sultan Barghash alibanwa afunge soko la watumwa. Lilikuwa jambo la haki, ila lililetwa na manowari, na manowari ile haikuondoka. Mwaka 1895 ukanda wa maili 10 ukawekwa chini ya himaya ya Uingereza. Mwaka 1896 reli ikaanza kujengwa kutoka Mombasa, na mwaka 1901 ikafika Ziwa Victoria.

Kisha ikaja karatasi, na hapa ndipo penye uchungu wetu. Sheria ya Hati za Ardhi ya 1908 ilimtaka kila anayedai ardhi ya Pwani aende akasajili madai yake. Ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya serikali ya Kiingereza. Waliokuwa na hati, wakijua njia za kadhi na za ofisi, walipata, na baadhi yao walikuwa Waarabu na Waswahili. Wamijikenda walioishi pale vizazi na vizazi, na watumwa walioachwa huru bila shamba, wengi wao wakabaki maskwota. Wazee walishatwambia kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Uhuru wa 1963 ulibadilisha bendera, daftari likabaki.

Je, tulikuwa watu wa kupokea tu? Hapana. Utamaduni nao ulifanya mapinduzi yake. Vitambaa vilichapwa kwenye viwanda vya ng'ambo, lakini wanawake wa Pwani walivigeuza kuwa leso, wakaviwekea majina ya mafumbo, hata kiwanda cha mbali kikalazimika kuchapa Kiswahili. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui naye aliuona uwezo wa kuchapa. Alianzisha Sahifa mwaka 1930, kisha Al-Islah mwaka 1932, akiwahimiza Waislamu wa Mombasa wasome wasiachwe nyuma. Wote hao hawakukikimbia chombo kipya. Walikishika wakakisemesha lugha yao.

Leo liko jingine bandarini. Kontena lilianza safari Aprili 26, 1956, meli ya Malcom McLean ilipotoka Newark kwenda Houston na makontena 58. Sanduku hilo la chuma limewaondolea kazi makuli wa bandari duniani kote, Mombasa ikiwemo. Reli mpya ya SGR ilipozinduliwa 2017 na mizigo ikaanza kupelekwa moja kwa moja Nairobi, wenye malori, maghala na ofisi za kutoa mizigo walilia, vijana wakaandamana. Septemba 2022 Rais William Ruto akaamuru huduma hizo zirudi Mombasa. Amri ni neno la mtu, na neno lingine laweza kuja likalifuta.

Funzo la miaka 250 ni hili: mashine haina huruma wala chuki, inampa aliyeandikwa kwenye daftari. Kwa hiyo mradi ukija, iwe bandari ya Lamu au barabara ya kupita shambani kwako, usiulize tu watatupa kazi ngapi. Uliza mkataba uko wapi, umeandikwa jina la nani, na ardhi itabaki ya nani. Mkutano wa baraza ukiitwa, nenda. Hati ya shamba la marehemu babu ikiwa bado kwa jina lake, kaeni kama familia mlishughulikie mwaka huu. Waliosubiri mwaka 1908 wajukuu zao wangali wanasubiri.