Nadharia ya Siasa Imo Wajir

Wahenga walinena, mcheza kwao hutunzwa. Mimi mwana wa Garissa, baada ya kupata shahada ya udaktari, naomba ufadhili wa utafiti wa nadharia ya siasa huko ng'ambo. Fomu yauliza: utaleta wazo gani jipya?

Ndugu msomaji, jibu langu halitoki mbali. Mwaka 1651 Mwingereza Thomas Hobbes aliandika kwamba watu waliochoshwa na vita hupatana, lakini ahadi zao hazina nguvu pasipo mtawala mwenye upanga.

Je, Wajir? Vita vya koo vilipopamba moto mwaka 1992, akina mama, miongoni mwao marehemu Dekha Ibrahim Abdi, walianzia sokoni: kila mwanamke auze na anunue bila kuulizwa ukoo wake. Mwaka 1993 wazee wakatia sahihi Azimio la Al-Fatah. Upanga wa serikali haukutangulia. Imani ya sokoni ndiyo iliyotangulia.

Hilo ndilo wazo langu. Naam, wakubali ama wakatae, lazima liandikwe. Tukinyamaza, tendo lile la akina mama litabaki kuitwa ugomvi wa koo uliokwisha, wala halitahesabiwa kuwa fikira.